Ijumaa ya Tisa

Nakumbuka asubuhi moja ambayo niliisikia kabla sijaiona. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake, nami nilikuwa napapasa chini ya kitanda nikitafuta viatu, maji ya mvua yakidondoka bado kutoka kwenye bati. Ndipo pikipiki ya Padri Anselmi ikapita. Mtaa mzima wa Makomeno uliijua kwa kikohozi chake. Ilikohoa, ikazimika, ikashika tena, kisha ikaondoka ikinung'unika kwenye matope. Nilibaki nimeshika kiatu kimoja. Misa ilikuwa karibu kuanza, na sauti ile haikuwa inaelekea kanisani. Ilikuwa inavuka reli.

Mwanangu, Jumapili uliniuliza swali nami nikakuwekea sahani ya bukari na sombe, nikanyamaza. Ulisema wenzako kazini kule Luano wanakuuliza kila siku: ninyi Wakatoliki, mnayo hakika ya kuokoka? Ulisema umekosa jibu, na sasa unakosa usingizi pia. Sikunyamaza kwa kukudharau. Swali hilo liliwahi kuninyima usingizi mimi mwenyewe, nikiwa na umri kama wako, na jibu lake siwezi kulitoa kwa maneno mawili. Kaa vizuri, basi.

Mwaka ule tulikuwa tumemzika kaka yangu mkubwa. Lori lilipinduka kwenye njia ya Kasumbalesa, akafa palepale. Hakuona padri, hakuungama, hakupakwa mafuta. Kwenye kilio shangazi zangu walilia kwa sauti kubwa, halafu wakanong'ona kwa sauti ndogo, na ile ndogo ndiyo iliyonichoma. Walikuwa wanajiuliza amekwenda wapi.

Nilikuwa na rafiki, Fifi, aliyeingia kikundi cha maombi na kubatizwa upya mtoni. Alikuwa binti mwema, na ulimi wake ulikuwa mkali kama pilipili. Siku moja kwenye bomba la maji akaniuliza mbele ya wasichana wote:

"Kaka yako alikuwa ameokoka?"

"Alikuwa amebatizwa."

"Sikuulize ubatizo, miye. Ubatizo hata tonton yangu, ule mujomba mulevi, iko nao. Niko nakuuliza wokovu. Miye niko na date yangu ya kuokoka, na saa. Weye uko na nini?"

"Niko na ndoo. Sogea nichote."

Wasichana walicheka, nami nikacheka. Lakini nilipojitwika ile ndoo na kushika njia, machozi yalikuwa yananitoka pamoja na maji yaliyomwagika, na hakuna aliyeweza kuyatofautisha.

Ndipo bibi mmoja wa chama cha Legio ya Maria akanieleza habari ya Ijumaa za kwanza za mwezi. Alisema: ukipokea Komunyo kwa heshima ya Moyo wa Yesu Ijumaa ya kwanza, miezi tisa mfululizo bila kuruka hata mmoja, Bwana hatakuacha saa ya kufa kwako. Yule bibi alisema kwa upendo. Mimi nilisikia kile nilichokuwa nakitamani: kwamba na mimi nitapata date yangu. Kwamba mauti yakinikuta barabarani kama kaka yangu, hakuna shangazi atakayenong'ona.

Nikaanza. Nilikwenda na homa, nilikwenda na mvua, nilikwenda siku ambayo mama alikuwa ananihitaji sokoni. Nilipofika ya nane nikamwambia Fifi, "Ungoje kidogo tu, utaona."

"Nitaona nini?"

"Date yangu."

Sasa unaelewa kwa nini moyo ulishtuka niliposikia pikipiki inavuka reli. Ilikuwa Ijumaa ya tisa.

Nilikimbia hadi kanisani. Sakristano wetu, mtunza kanisa Papa Symphorien, alikuwa mlangoni anasukuma maji ya mvua kwa ufagio.

"Misa hapana leo," akasema. "Bamemuita mon père kwa Kalenga. Iko karibu ya kufa."

"Kalenga gani?"

"Kuko Kalenga bangapi? Kalenga wa lutuku."

Mtaani hakuna aliyekuwa hamjui. Alikuwa mstaafu wa reli, na ile pombe kali ya kienyeji ndiyo iliyompa jina. Kanisani hakuwa ameingia tangu nikiwa mtoto mdogo, isipokuwa mara moja, na siku hiyo aliingia kulala.

"Leo?" nikasema kwa sauti. "Siku zote zile, amechagua kufa leo?"

Papa Symphorien aliacha kufagia. "Kufa bantu habachaguaka siku, mama," akanijibu taratibu, akaendelea na maji yake.

Nikawaza haraka, kama mtu anayeona treni inaondoka. Padri ameibeba Ekaristi. Nikimfikia kwa Kalenga, nitapiga magoti palepale, atanipa Komunyo, na Ijumaa yangu itakuwa imetimia. Sikumfikiria yule anayekufa hata kidogo. Nilivua viatu, nikaviweka kwapani, nikavuka reli nikikimbia.

Nyumba ilikuwa kwenye kambi ya zamani ya wafanyakazi, vyumba viwili. Uani jiko la mbabula lilikuwa linafuka moshi, makaa yamelowa. Mke wake, Mama Julienne, alitoka na kuniona nimesimama pale na matope hadi magotini. Kabla sijafungua kinywa akanishika mikono yote miwili.

"Aksanti Mungu! Umetoka ku shirika? Balisema bantu ba shirika habatafika kwa mulevi. Kumbe munafika. Ingia, mwanangu, ingia!"

Alinidhania mtu wa shirika, ile jumuiya ndogo ya Wakristo wa mtaa. Nikaingia.

Padri alikuwa ameketi kwenye kiti kifupi kando ya godoro. Alikuwa amekwisha kumuungamisha Kalenga na kumpaka mafuta. Paji la uso liling'aa. Nilikuwa natazamia kuona mtu aliyetulia, kwa sababu tulifundishwa kwamba sakramenti inatuliza. Nilichokiona ni macho ya mtu anayeogopa, makubwa, yanatafuta kila pembe ya dari.

"Mon père," Kalenga akasema, "uniambie kweli. Usinidanganye kama mutoto. Nitaingia?"

Nikasubiri Padri aseme ndiyo. Hivyo ndivyo mtu anavyojibiwa saa kama hiyo, sivyo?

"Sijue, Kalenga," Padri akasema.

"Mon père!" Mama Julienne akaruka. "Umuambie ndiyo! Iko nakufa!"

"Julienne, hata miye sijue kama nitaingia. Kila magharibi niko naomba Mungu anishike, nisimuache mbele ya mwisho. Nitamuambia Kalenga kitu chenye sina nacho?" Halafu akamwinamia mgonjwa, akauweka mkono wake mpana juu ya kifua chake. "Lakini uniambie kitu kimoja. Ile siku za mushahara, ulikuwa unaukulia wapi?"

Kalenga akafumba macho. "Ku lutuku, mon père. Nimekwisha kuungama ile."

"Najua. Na kisha ulikuwa unarudia hapa. Ulikuwa na hakika ya kukuta chakula?"

"Hakika ya wapi? Nilikula makuta yote ya mushahara. Chakula ingetoka wapi?"

"Sasa juu ya sababu gani ulikuwa unarudia?"

Nilisikia treni ya mizigo ikibadilisha njia mbali kule stesheni.

"Juu namujua Julienne," Kalenga akasema.

Mama Julienne alianza kulia na kucheka kwa pamoja. "Na ulikuta kila siku, mubaya weye! Bukari ya kufunikwa na sahani! Hata siku yenye nilitaka nikuwekee majivu."

"Basi," Padri akasema. "Ile hakika ulikuwa unaitafuta ku miguu yako. Ku miguu yako haiko. Yenye ulikuwa nayo ni ya kumujua ule anakungojea. Rudia nyumbani vile vile, Kalenga."

"Miguu iko napepesuka, mon père."

"Miguu yako ilipepesuka siku zote. Rudia tu."

Mwanangu, nilimwona yule mzee akicheka. Kicheko kilikuwa kidogo, kama pumzi tu, lakini macho yake yaliacha kutafuta dari.

Padri akafungua kile chombo kidogo cha dhahabu. Ndani mlikuwa na hostia moja tu. Kalenga hakuweza kumeza nzima, kwa hiyo Padri akaimega, akampa kipande kidogo na kijiko cha maji. Kipande cha pili akampa Mama Julienne. Kilibaki kimoja. Akanigeukia mimi niliyekuwa karibu na ukuta, matope yamenikauka miguuni, viatu bado kwapani.

"Na weye?"

Nikapiga magoti. Nilikuwa nimevuka mtaa mzima kwa ajili ya dakika ile, na ilipofika sikuikumbuka hesabu. Nilikuwa nafikiria sahani iliyofunikwa. Nilikuwa namfikiria kaka yangu kwenye ile barabara, kwamba hata yeye alijua ni nani anayemngojea, na kwamba huenda katika pumzi moja ya mwisho mtu anaweza kugeuza uso wake kuelekea nyumbani, na shangazi zangu wasijue.

Kalenga aliondoka kabla ya adhuhuri, mkono wake mkononi mwa mkewe. Tulibaki tukisali rozari hadi watu wa shirika walipofika kweli. Walikuja wengi.

Jioni, nikiwa nachota maji, ndipo nikakumbuka ile hesabu yangu. Nilicheka peke yangu pale bombani, watu wakadhani nimechanganyikiwa. Kesho yake nikamfuata Padri akiwa anahangaika na pikipiki yake.

"Mon père, ile ya jana inahesabika kama ya tisa?"

"Ulifika kumuona Kalenga, ama kuhesabu?"

"Kuhesabu," nikasema, maana sikutaka kumdanganya.

"Na wakati ulipokea?"

"Nilisahau kuhesabu."

"Basi na miye nimesahau. Usukume hii pikipiki."

Nikasukuma.

Kwa hiyo wenzako wakikuuliza kama unayo hakika, usiwagombeze, wala usiwacheke. Fifi wangu alimpenda Mungu kweli, na hadi leo tunatumiana salamu. Waambie hivi: juu ya Mungu ninayo hakika, kwamba aliniita katika ubatizo na hataki nipotee. Juu yangu mwenyewe sijajitangazia ushindi, kwa sababu bado natembea, na moyo wangu naujua unavyoweza kugeuka. Kanisa halikutufundisha kujipa cheti. Lilitufundisha kutumaini, na mwenye tumaini huanza tena kila asubuhi. Ungama ukianguka. Pokea Komunyo kama mtu mwenye njaa. Unaposali Salamu Maria, sikiliza unachokiomba: utuombee sasa, na saa ya kufa kwetu. Hiyo saa ya kufa usiibebe leo, imekwisha kuombewa. Wewe shika ya sasa.

Na usikubali hofu ikuambie kwamba Mungu anakuvizia, anangoja ukosee hatua ya mwisho ili akufukuze. Huyo si Mungu tuliyesimuliwa. Wala usimkatie marehemu yeyote hukumu, hata Kalenga wa mtaa wako. Ijumaa za kwanza mimi bado nakwenda, magoti yakiruhusu. Siku hizi nakwenda kama mtu anayemtembelea anayempenda.

Sasa simama, kumekucha, na gari la kwenda Luano halitakungoja. Inama nikuwekee alama ya msalaba. Bwana akutangulie njiani, akushike unapoteleza, akupe usingizi wa mtoto mchanga usiku wa leo, na siku yako ikifika, mbali sana, akukute ukiwa umeelekea kwake. Amina. Chukua mwavuli. Nenda, mwanangu, na uuvute mlango, mbao zimevimba kwa mvua. Zaidi kidogo. Zaidi. Ndiyo, mlango umeshika.