Boza la Maji Chini ya Mlima Nuqum

Asubuhi moja kaka yangu Salum alikuwa akibishana na jirani kuhusu mpira wa maji. Jirani alitaka tangi lake la juu ya paa lijazwe kwanza. Salum alisema mpira hauwezi kufika huko bila kupitishwa dirishani kwa bibi mmoja aliyekuwa bado amelala. Nilisimama mlangoni na vikombe viwili vya chai nikisubiri wamalize. Walimaliza kwa kucheka. Jua lilikuwa limeshaupita Mlima Nuqum, na hewa ilikuwa na ubaridi mkavu kama huu wa Johannesburg mwezi wa sita. Hakuna kingine kilichotokea siku hiyo.

Tulikuwa Sana'a, mji mkuu wa Yemen. Baba alizaliwa huko, akaja Tabora akiwa kijana, akafungua duka na kumwoa mama. Uzeeni alitaka kurudi kwao, nasi tukamfuata. Nyumbani tulizungumza Kiswahili. Nje, Kiarabu chetu kilichekwa mpaka kikanyooka. Mimi nilipata kazi ya kuwatembeza wageni mji wa kale, Salum akawa dereva wa boza la maji.

Juzi shule ya binti yangu Yasmini, aliyezaliwa huku, hapa mtaa wa Observatory, Johannesburg, iliwataka watoto waeleze mji mkuu mmoja wa Asia: historia, uchumi na miundombinu. Nikamwambia niliyokuwa nikiwaambia wageni. Watu wameishi Sana'a kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Nyumba za kale ni ndefu, za matofali ya kuchoma yaliyopambwa kwa mistari myeupe, na juu ya madirisha kuna vioo vya rangi. Sokoni kila bidhaa ina uchochoro wake: zabibu kavu huku, vito vya fedha kule, majambia kwingine. Nje ya kuta za mji wa kale, watu waliishi kwa mishahara ya serikali, biashara ndogo, pesa za ndugu walioko Saudia, na mirungi, ambayo mashamba yake yalikunywa maji mengi kuliko mazao ya chakula. Umeme ulitoka mbali, kwa nyaya zilizokatwa kila watu walipokosana na serikali. Mabomba yalitoa maji mara chache, mitaa mingine hayakutoa kabisa, na visima vilizidi kuchimbwa chini. Kwa hiyo mji ulitegemea maboza.

"Eish, Mama," Yasmini alisema kwa Kiingereza chake. "Mji mkuu hauna maji ya bomba?"

Nikamkumbusha kwamba hata sisi hapa tumeshapanga foleni na ndoo. Akacheka, akaandika. Yaliyofuata sikumwambia.

Vita viliingia polepole. Kwanza watu wenye bunduki walisimama kwenye makutano ya barabara, wakawa wapole, tukawazoea. Kisha ndege za kivita zikaja. Wageni wakaondoka na kazi yangu ikaisha. Umeme ukakatika, dizeli ikaadimika, na pampu za visima zikasimama moja baada ya nyingine. Salum alishinda kwenye foleni ya dizeli, akirudi na macho mekundu.

"Pumzika hata leo, mwanangu," mama alimwambia.

"Nikipumzika mimi, mtaa huu utapikia nini?"

Hakusema kwa majivuno. Alikuwa akivaa viatu.

Kisima kilichokuwa bado kinafanya kazi kilikuwa upande wa mashariki, chini ya Nuqum. Kila mtu alijua kwamba ndani ya mlima ule kulikuwa na maghala ya silaha. Hata hivyo maboza yalikwenda, kwa sababu maji yalikuwa huko.

Ilikuwa alasiri, Salum akiwa amekwenda na boza kisimani. Nilikuwa jikoni na mama, tunachagua mchele.

Tulisikia ndege.

Kisha sakafu ikainuka. Vioo vya rangi vikaanguka vyote kwa pamoja. Mama alikuwa bado ameshika ungo.

Mlima ukaanza kujilipua wenyewe. Makombora yaliyohifadhiwa mle yakawa yanaruka hovyo na kuangukia nyumba za watu. Tulishuka ngazi tukiwa tumeshikana mikono.

Mama alisema neno moja tu. Jina la Salum.

Baba na jirani yule wa tangi walikwenda kumtafuta milipuko ilipotulia. Walimkuta kando ya boza. Walimzika asubuhi yake pamoja na wengine wengi. Kwa desturi ya pale wanawake hatukwenda makaburini. Tulibaki chumbani na majirani waliokuja kwa miguu, wakipita juu ya vioo.

Baada ya msiba, baba alisema tuondoke, mama na mimi.

"Na wewe?" mama akamuuliza.

"Mimi nimeshafika kwetu. Na mtoto yuko hapa."

Mama hakubishana naye. Nilidhani atabisha. Tulipanda basi hadi bandari ya Hodeida, na kutoka hapo meli ya mizigo hadi Jibuti. Mama mdogo, aliyeolewa Morogoro na mkimbizi wa Afrika Kusini na kumfuata kwao nchi yao ilipokuwa huru, alitupokea nyumbani kwake Troyeville, hapa Johannesburg.

Baba yuko Sana'a hadi leo. Kwenye simu ananiambia kwamba paa nyingi sasa zina sola, kwamba soko linafunguliwa, kwamba watu wanaoa. Namwamini. Mji ule umeona vita vingi kabla ya sisi, na haukutuhitaji ili uendelee. Tuliopungukiwa ni sisi. Mama hajawahi kuliona kaburi la mwanawe, na kwa umri wake hataliona kamwe.

Mwaka jana baba alituma picha ya kaburi hilo. Nilimuuliza mama kama niifungue.

"Ya kaburi ya nini? Nioneshe ya mtu."

Nikatafuta kwenye simu nikaipata moja: Salum amesimama kando ya boza, kijana kuliko nilivyo mimi sasa, shati limelowa, anakunja uso kwa jua. Mama aliitazama. Yasmini akaja kuchungulia begani kwangu.

"Huyu ni mdogo wako?" aliniuliza.

Mama akajibu kabla yangu.

"Mkubwa," alisema. "Huyu ndiye mkubwa."