Saa Nne Ipi

Jumatano jioni mama mmoja, mkulima wa vitunguu kule bondeni Baray, alinipigia simu kunishukuru. Alikuwa haoni, macho yalimwishia miaka michache iliyopita. Sasa kwa mara ya kwanza alikuwa ameijua zamu yake ya maji bila kumsubiri mtu amsomee. Simu yake ilimsomea kwa sauti, kutoka kwenye tovuti niliyoitengeneza mimi.

"Alhamisi, saa nne, lango la tatu," alisema. "Nimesikia mwenyewe. Basi kesho mchana nalala kabisa!"

Nilicheka. Nilidhani ni utani wa mtu mwenye furaha.

Nilikuwa nimemaliza chuo mwaka uliotangulia na kurudi nyumbani Karatu. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza: ukurasa wa zamu za mfereji, kwa ajili ya umoja wa wakulima. Zamani msimamizi wa maji alimpigia simu kila mkulima. Tovuti ilipokuja, akaacha. Sheria ya mfereji haikubadilika: saa yako ikifika na hupo langoni, maji yanapita kwa anayefuata, na wewe unasubiri siku nane. Kwa kitunguu kilichoanza kunenepa, kwenye joto la bonde lile, siku nane ni nyingi mno.

Alhamisi asubuhi, nikinywa chai, maneno yake yakanirudia. Kwa nini mtu alale mchana? Nikianza maswali ya namna hiyo huwa nafika mbali bila sababu, kwa hiyo nilijikataza. Nikanywa chai. Kisha nikawasha sauti ya kusoma skrini kwenye simu yangu, nikafumba macho, nikafungua ukurasa.

"Alhamisi. Saa nne. Lango la tatu."

Saa nne ipi?

Mwanzoni niliandika "asubuhi" au "usiku" mbele ya kila saa. Mwenyekiti wa umoja akasema maneno yamejaa mno kwenye kioo kidogo. Nikaweka rangi: njano kwa asubuhi, bluu iliyokoza kwa usiku. Nilikaa siku mbili nikilinganisha njano mbili. Maneno yenyewe sikuyafuta. Niliyaficha kwa mstari mmoja wa CSS, lugha tunayotumia kuupa ukurasa sura yake, nikijiambia kwamba asiyeona bado atayasikia. Sikujaribu. Mstari ule hauyafichi machoni tu; unayaondoa hata masikioni. Nilifundishwa hivyo. Hata kwenye mtihani niliandika kwamba rangi isibebe maana peke yake.

Zamu yake ya mara iliyopita ilikuwa ya usiku. Ya leo ilikuwa ya asubuhi.

Nikaufuta ule mstari. Ilichukua dakika moja, na nikapata nafuu ya kijinga, mpaka nilipokumbuka kwamba yeye alishasikiliza jana na hana sababu ya kusikiliza tena. Nikampigia: hapatikani. Msimamizi naye: hapatikani. Ilikuwa saa mbili na nusu. Nikatoka kutafuta bodaboda.

"Baray? Kwa vumbi hili?" dereva aliuliza. "Kuna msiba?"

"Bado."

Akaniangalia, akawasha pikipiki. Kila tulipopishana na lori ilibidi tusimame mpaka vumbi litulie, na kila tuliposimama nilitazama saa.

Tulifika langoni saa nne na dakika ishirini. Maji yalikuwa yanaingia kwenye shamba la jirani yake, mzee aliyevaa buti za mpira. Msimamizi alikuwa pembeni na daftari lake. Nilikimbia kumgongea mama. Alitoka akijifunga kanga, mkono begani kwa kibarua wake, mtu wa Singida.

"Nani ameniamsha? Zamu yangu ni usiku."

"Shikamoo mama. Ni sasa. Ukurasa wangu haukukwambia."

Akaelekea langoni upesi kuliko kibarua alivyoweza kumwongoza.

"Maji hayamsubiri aliyelala, shemeji," jirani alisema.

"Usinishemeji! Simu imeniambia saa nne."

"Na hii ni saa ngapi?"

"Saa nne ziko mbili! Hata jogoo wako anajua, na hana tovuti."

Jirani alicheka, lakini mkono wake haukutoka kwenye lango. Nikaanza kumweleza msimamizi. Nilieleza kirefu na vibaya, mara rangi, mara mistari, mpaka akainua mkono.

"Kijana. Kosa ni la mama au lako?"

"Langu."

"Sheria haina kifungu cha kosa la kompyuta." Akamgeukia jirani. "Mzee, zamu sasa ni yako. Sema wewe."

Jirani alitazama shamba lake, akatazama la mama. "Nijaze hili jaruba la kwanza. Halafu nampa saa moja. Moja tu, vyangu navyo vina kiu."

Saa moja badala ya tatu za zamu nzima. Kibarua alielekeza maji kwa jembe. Mama alivua ndala akasimama ndani ya jaruba mpaka maji yakamfika vifundoni, akahamia la pili, kisha la tatu. Maji yalikuwa yamefika katikati ya la nne msimamizi alipofunga lango.

"Yamefika mwisho?" mama aliuliza.

Majaruba yalikuwa sita. Kibarua alinitazama, akasubiri niseme mimi.

"La nne nusu, mama. La tano na la sita hayajapata."

"La sita majani yakoje?"

Nikaenda nikainama. "Ncha zimeanza kukauka."

"Zote?"

"Upande wa barabarani, zote."

"Na la tano?"

Nikahamia la tano.