Sauti ya Efendi

Afisa waliyemwita efendi alipostaafu jeshi la Wadachi alirudi Mwaya, kando ya ziwa, aandike historia ya vita alivyopigana huko, safari hii kama walivyoviona walioshindwa. Kila asubuhi alikwenda kwa Rut, mfinyanzi, akaketi kitini mgongo wima kama yuko gwarideni, kidole gumba kikipapasa kifuani palipokuwa na vifungo vya jeshi. Sauti nayo ilikuwa ile ile ya kuamrisha.

"Baba yako alikimbia?"

"Ndiyo, efendi."

"Au alisimama?"

"Ndiyo, efendi."

Kijiji kizima kilimjibu hivyo, naye akawa anaandika na kufuta, akiguna. Rut alimwogopa, lakini kilichomuuma zaidi ni baba yake kuingia kitabuni kama mwoga. Siku moja efendi alishuka kitini, akaketi mchangani, akaokota kokoto na kuanza kusugua chungu kibichi kama alivyomwona Rut akifanya. Akauliza polepole, "Mama, baba yako alikimbia?"

"Unanibonyezea chungu, wewe!" Rut alimpokonya. Kisha akasema, "Hapana. Hakukimbia."

Efendi alicheka hadi machozi yakamtoka.

"Ndaga, mama, asante! Tangu nije hakuna aliyenikatalia. Haya, nibishie tena."