Kalamu Isiyochovywa

Jamani, leo kalamu mpya imeninyang'anya rafiki.

Mjomba wangu, kuli wa bandarini, ndiye aliyeniletea. Nyeusi, yang'aa, na wino imeubeba tumboni mwake. Haichovywi!

Darasani wote walikuja kuishika. Mimi nisiyezungumza na mtu ila Kadzo, jirani yangu wa dawati, nilijaa raha.

Kisha Kadzo akakivutia kwake kidau chetu cha wino.

"Wewe tajiri, wachovya nini tena?"

Wakacheka. Nikacheka nami.

Lakini tulikuwa tukiinama pamoja kuchovya ndipo tunong'onezane, mwalimu asituone. Leo sikunong'onezwa neno.

Nimeumwaga wino wote wa tumboni mwa kalamu. Kesho nitachovya kalamu hii hii.

Mwaonaje, atanisogezea kidau?