Ukishashuhudia, Dawa ya Nini

Nitaanza na beseni, nimalizane nayo. Ilikuwa beseni ya plastiki ya kuogea, na akina mama watano wa maombi walikuwa wameiinamia sebuleni kwetu Kitengela, wakichungulia matapishi ya ndugu yangu. Walikuwa wamemnywesha maji ya chumvi yaliyochanganywa na mafuta ya kupikia mpaka akatoa yote tumboni, na sasa walikuwa wanamtafuta pepo mle ndani. Mmoja alichukua mwiko wa Mama, ule wa ugali, akakoroga. "Huyu hapa," akasema, akiinua ganda la nyanya. "Oneni vile amejikunja." Wenzake wakapiga makofi. Ndugu yangu alikuwa amelala kifudifudi kwenye simiti, shati limelowa, mtu amemkalia miguu. Mimi nilikuwa nimeshika kitambaa cha kumpangusa mdomo, na sikumpangusa, kwa sababu niliogopa huyo pepo wa nyanya asije akanirukia. Ptu! Hata nikiandika hivi harufu inanirudia.

Ndugu yangu ndiye kifungua mimba, mimi ndiye nilimfuata. Tulitoka Ukambani na Mama tukiwa wadogo, Mama akawa anauza mboga karibu na barabara ya Namanga. Miaka ya tisini ikielekea mwisho, Kitengela ilikuwa inakatwakatwa. Wamasai walikuwa wanauza mashamba, watu wa kwetu na watu wa Mkoa wa Kati walikuwa wananunua, na kila mtu mwenye kiatu alitaka ploti. Ndugu yangu alipata kazi na masoroveya, wale wapima ardhi. Alivuta tepu, akafyeka miiba, akachimbia bikoni, zile nguzo fupi za simiti zinazoonyesha ploti yako inaishia wapi. Hiyo kazi aliipenda sana. Akipita njiani alikuwa ananionyesha kwa kidole, "Ile ni yangu, na ile ni yangu," kama mtu anayehesabu mbuzi. Na lazima ujue jambo moja kuhusu Kitengela ya wakati ule: mtu akiiba kuku angesamehewa, lakini anayegusa bikoni afadhali angehama.

Alianza kwa kukosa usingizi. Kisha akawa hataki redio iwashwe. Kisha akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa huku akipiga mswaki, kwamba bikoni zinamsengenya. Zinapitishiana jina lake, moja hadi nyingine, mpaka Athi River. Nilicheka. Nilidhani ni mzaha, maana alikuwa mtu wa mizaha. Wiki iliyofuata, saa moja asubuhi, tulimkuta amepanga bikoni kumi na moja mbele ya geti letu, mikono inatoka damu, anaziambia zinyamaze.

Watu walijaa. Na unajua waliuliza nini? "Ametumwa na nani?" Waliamini kuna dalali wa mashamba aliyemlipa aharibu mipaka. Mwenye ploti mmoja, mzee mwenye tumbo na kofia, alimshika kola akamtingisha: "Taja aliyekutuma!" Walipomsikiliza zaidi wakagundua hakuna aliyemtuma, ndipo ghafla likawa pepo. Kwao kulikuwa na mwizi au pepo, basi. Hakuna hata mmoja aliyesema huyu kijana ni mgonjwa. Na sisi wa nyumbani hatukusema pia.

Ndiyo beseni ikaja. Siku tatu alinyimwa chakula, siku tatu mchungaji wetu alimpigia kelele usoni, mate yanaruka, kiganja kimebonyeza paji la uso kama anayefunga mlango unaokataa. Ndugu yangu alitoka hapo akiwa na hali mbaya zaidi. Sasa hata maji alikuwa hanywi.

Wakati huo nilikuwa nimeajiriwa katika duka la dawa za mifugo. Mwenye duka alikuwa daktari wa ng'ombe, mtu mkali, hana maneno mengi. Alinikuta nalia nyuma ya magunia ya chumvi ya ng'ombe, nikamweleza yote, na beseni pia. Alinitazama kama mtu aliyeona nzi kwenye maziwa. "Ng'ombe akianza kuzungukazunguka," akasema, "Wamasai wanaita ormilo, na wanakuja hapa kutafuta dawa. Nyinyi mtu wenu akichanganyikiwa mnamletea beseni? Mpeleke Kajiado. Jumatano kuko na kliniki ya akili."

Mama alikubali, lakini kwa masharti ya uoga. Tuondoke kama watu wanaoenda kumwona shangazi kule Bisil, na tusiseme kitu.

Muuguzi wa Kajiado alikuwa mama wa makamo, miwani imefungwa kwa uzi shingoni. Hakupiga kelele. Alimuuliza ndugu yangu analala saa ngapi, anakula nini, ameanza lini. Halafu akamuuliza, "Hizo sauti zinakuambia nini?" Ndugu yangu alilia. Woi, alilia! Wiki ngapi tumekuwa tukizikemea hizo sauti, hakuna aliyewahi kumuuliza zinasema nini. Akamwambia yule mama: zinamwambia yeye ni takataka, ajichimbie shimo kama bikoni aingie. Mimi dadake nilikuwa nasikia kwa mara ya kwanza.

Muuguzi alitueleza taratibu. Huu ni ugonjwa, uko kwa ubongo, hakuna aliyemroga na hakufanya dhambi. Kuna vidonge. Vitamkausha mdomo, mikono itatetemeka kidogo, tuvumilie, tukiona amezidiwa turudi wabadilishe. Halafu akaniinulia kidole mimi, si ndugu yangu. "Sasa sikiza, msichana. Akipata nafuu, hapo ndipo watu hukosea. Akiwa mzima, ndiyo hasa asiache." Nikasema ndiyo, sista. Nilisema kabisa kwa mdomo wangu.

Vidonge tuliviweka kwenye mkebe wa kakao, nyuma ya unga. Mwezi wa kwanza alilala kama mtoto mchanga. Mwezi wa pili akaoga bila kuambiwa. Mwezi wa tatu alinitania kuhusu kijana wa kwaya aliyekuwa ananisindikiza: "Huyo shemeji yangu anaimba kama mbuzi aliyekanyagwa." Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Alikuwa amerudi!

Na Mama, kwa furaha, akafanya lile kosa. Kanisani kwetu ukitendewa jema ulisimama Jumapili ukashuhudia mbele ya watu wote. Ilikuwa deni, usiposhuhudia unamwibia Mungu sifa. Mama akasimama. "Bwana asifiwe! Mtoto wangu alikuwa anaongea na mawe, leo ni mzima!" Kanisa likalipuka, watu wakaruka, vumbi likapanda. Kuhusu mkebe wa kakao hakusema neno. Aliniambia baadaye kwamba alitaka kulisema, lakini makofi yalianza mapema.

Ukishashuhudia, umeshuhudia. Maneno hayarudi. Mchungaji alimchukua ndugu yangu akawa anamtembeza kwenye mikutano ya injili. Alimsimamisha Kiserian siku ya soko, akamsimamisha Bisil kati ya ng'ombe, akampeleka hadi Magadi kwenye lile joto la kuchoma nyayo, apande jukwaani aseme, "Nilikuwa mwendawazimu." Watu walimkodolea macho. Wengine walimgusa nywele. Mchungaji alikuwa anamsukuma mgongoni, "Waambie ulikuwa unakula nini! Waambie ulilala wapi!" Ndugu yangu hakuwahi kula uchafu wala kulala nje, lakini watu walitaka hivyo, akawa anawapa. Akirudi nyumbani alinawa uso mara tatu.

Ni kwenye mikutano hiyo mchungaji aliona ile mikono inatetemeka kwenye maikrofoni. Alikuja nyumbani, akanywa chai yetu, akala mkate wetu, kisha akauliza. Mama hakuweza kudanganya mtumishi wa Mungu. Akasema.

"Mama," mchungaji akasema, kwa sauti ya upole inayonitia kinyaa kuliko zile kelele zake, "ukishashuhudia, dawa ya nini? Mnataka Mungu aonekane mwongo mbele ya Kajiado nzima?" Akaagiza ule mkebe uletwe kanisani Jumapili.

Mama alikataa. Lazima nimpe haki yake. Jumamosi nzima alikaa jikoni, mkebe mapajani, akasema hawezi, huyu ni mtoto wake. Aliyeubeba ni mimi.

Nilikuwa naolewa Desemba. Watu wa kijana wa kwaya walikuwa wameshasema hawaoi kwa nyumba ya wazimu, labda kama amepona kabisa, na kupona kabisa maana yake bila vidonge. Nilitaka gauni, nilitaka mapambo, nilitaka kuitwa mke wa mtu. Kwa hivyo niliutoa mkebe mikononi mwa Mama, nikamwambia awe na imani. Mimi, niliyeinuliwa kidole na muuguzi! Nikikumbuka nilivyotembea na ule mkebe kanisani, nimevaa kiatu cha kisigino, najichukia.

Vidonge walivimwaga kwenye choo cha shimo nyuma ya kanisa, wakiimba. Mabati ya choo yalikuwa moto, nzi wa kijani wamejaa, na mchungaji mwenyewe alijifunika pua kwa leso huku anaomba. Ndugu yangu alisimama kando. Nilipopita, aliniambia kwa sauti ndogo, "Dadangu, si ni wewe ulinipeleka Kajiado?" Nikaendelea kutembea. Akasema, "Sawa tu."

Basi nikarudi dukani. Mchungaji ana nafuu, kazi yake ni maneno tu; mimi kazi yangu ilikuwa kufundisha watu dozi. Siku moja mzee mmoja wa Kimasai aliingia. "Takwenya," akanisalimu. "Iko," nikajibu. Alikuwa na ndama mwenye ndigana, ile homa ya kupe, amemdunga siku mbili, ndama amesimama, ananyonya, sasa anataka kurudisha dawa iliyobaki. Nikamkaripia: "Mzee, akisimama si kupona! Maliza dawa yote, la sivyo ataanguka tena na hataamka." Akakubali, akaenda. Mimi nikabaki nimeshika kaunta. Nilijisikia kwa masikio yangu mwenyewe, na bado sikufanya kitu. Ilikuwa Novemba, na gauni lilikuwa kwa fundi.

Kwenye harusi yangu alivaa suti ya kuazima na alikuwa hajalala siku nne. Kwenye picha ameinamisha kichwa, na wageni wanadhani anaomba. Alikuwa anasikiliza.

Januari aling'oa bikoni nyingine. Safari hii hawakuuliza ametumwa na nani. Yule mzee mwenye tumbo alikuja na vijana wa mjengo, wakampiga na zilezile bikoni, mchana kweupe, watu wametoka madukani wanatazama, wengine na soda mkononi. Jicho la kushoto lilipasuka. Nilipofika lilikuwa linachuruzika shavuni, na mwanamke mmoja wa maombi, yule wa mwiko, alikuwa amesimama pale anasema, "Alikosa imani. Amefungua mlango mwenyewe." Mchungaji naye alisema hivyohivyo Jumapili, jina halikutajwa, lakini vichwa vyote viligeuka kwa Mama.

Hospitalini walipomaliza kumfunga jicho, nilimpeleka Kajiado tena, Jumatano. Yule muuguzi alimtambua licha ya bendeji. Akafungua kadi, akahesabu kwa kalamu miezi ambayo hatukuja. Akavua miwani.

"Nani alisimamisha dawa?"

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Lakini mume wangu alikuwa mlangoni, alikuwa ametusindikiza, na Jumapili ile kwaya yao ilikuwa imealikwa kwingine, kwa hivyo hakuwa anajua mkebe ulibebwa na nani. Nikaufunga tena.

Ndugu yangu alinigeukia na lile jicho moja. Siku hiyo alikuwa anasikia sauti, alikuwa ananuka mkojo, alikuwa hajui ni mwezi gani. Lakini mimi alinijua.

"Ni mimi, sista," akasema. "Nilikataa tu."

Muuguzi akaandika.

Sasa ni miaka mingi. Anameza vidonge vyake, vimebadilishwa mara mbili, mikono haitetemeki sana. Anafuga kuku nyuma ya nyumba ya Mama, na kanisani haendi, wala mimi siendi. Kila kadi ikijaa wanafungua mpya, na wananakili historia kutoka ya zamani, kwa hivyo yale maneno yapo bado: mgonjwa alikataa dawa. Muuguzi akiwa mgeni huyasoma kwa sauti, kisha humgombeza, kwa upole, vile wanavyogombeza wagonjwa. "Mzee, ona sasa ulivyojiharibia jicho. Usiache dawa tena, sawa?"

"Sitaacha, sista," yeye hujibu.

Na mimi huwa nimeketi hapo kando, nimeshika koti lake.