Gunvor na Nyumba ya Kuogea Mtoni

Gunvor Hedlind alikulia Borås, mji wa viwanda vya nguo, katika nyumba iliyoutazama mto Viskan, na mpaka uzeeni hakuwahi kutia hata kidole ndani yake. Utotoni mwake mto ulipita mwekundu leo, kesho buluu, kulingana na rangi zilizomwagwa viwandani. Mbwa wao aliyanywa maji yale, akafa kifo kibaya. Tangu hapo, mtu akimwambia mto umepona, Gunvor humtazama kama anayetaka kumuuzia mbuzi kwenye gunia.

Basi Tuva Rydell, msanifu majengo kijana, alipoleta kwenye mkutano wa wakazi michoro ya nyumba ya sauna na kuogelea, itakayovuta maji ya mto, iyachuje kwa mchanga na matete, kisha iyarudishe mtoni yakiwa safi kuliko yalivyoingia, Gunvor alikaa safu ya mbele, kakunja mikono kifuani.

"Hayo maji yanapita wapi?"

"Kwenye mabomba, chini ya sakafu."

"Ahaa! Chini ya sakafu." Akawageukia majirani. "Mmesikia? Hata wale wa viwandani walikuwa na mabomba yao chini ya sakafu."

Ukumbi ukaangua kicheko. Masikio ya Tuva yakawa mekundu kwa aibu.

Wiki haikuisha, Tuva akabisha hodi kwa Gunvor, michoro kwapani. Gunvor akammiminia kahawa huku akimpima kwa jicho la pembeni. Kimemleta nini huyu?

"Mabomba nimeyaondoa," Tuva alisema. "Maji yatapita kwenye mfereji wazi, katikati ya nyumba. Yanavyoingia utayaona, yanavyotoka utayaona."

"Nani kakutuma uje kunilainisha?"

"Hakuna. Swali lako lilininyima usingizi."

"Mh! Haya, kula andazi. Umekonda mno."

Nyumba ilipofunguliwa, Gunvor aliufuata mfereji kutoka mwanzo hadi mwisho, akainama kuyanusa matete, akarudia tena. Kisha akaingia sauna, kile chumba cha joto kali, na wanawake wenzake, wakatoka jasho. Wenziwe wakajitosa bwawani wakipiga mayowe kwa baridi.

"Ingia, Gunvor! Unaogopa nini?"

"Tangulieni ninyi. Mkiwa hai wiki ijayo, tutazungumza."

Akatumbukiza miguu tu. Nyumbani akaiosha upya kwa sabuni.

Wiki iliyofuata aliwakuta wote wazima, wakipiga soga. Akawahesabu kimyakimya, akashuka ngazi polepole mpaka maji yakamfika shingoni. Yalikuwa baridi, na mepesi kuliko alivyodhani. Akaogelea, midomo kaibana kama mtoto anayekataa dawa.