Gobore Lililoonekana Ukutani

Je, ile picha niliituma kwa kumpenda baba mdogo, au kwa sababu nilikuwa na simu mpya na nilitaka ukoo mzima ujue? Nimejiuliza hivyo mara nyingi, na kila jibu ninalolipata naliona limepambwa.

Ukoo wetu umetawanyika. Wengine wako ng'ambo ya mpaka, Burundi, walikotoka babu zetu. Wengine wako Mwanza. Mimi nafundisha Biharamulo. Kwa hiyo tuna desturi: anayekwenda Mbuba, kule Ngara, kumsalimia baba mdogo, mzee pekee tuliyebaki naye, humpiga picha mlangoni kwake na kuituma kwenye kundi la ukoo, ili wote waone kwamba bado yu mzima. Simu yangu ya zamani ilitoa uso wake tu, na nyuma yake giza. Hii mpya ilimtoa yeye, mlango, na ndani ya mlango gobore aliloachiwa na marehemu babu, limetundikwa ukutani, hata kutu yake ikihesabika. Chini ya picha simu iliandika yenyewe jina la kata, tarehe na saa. Mimi niliutazama uso tu, nikatuma.

Siku nne baadaye nilishuka Nyakanazi kubadili gari la Kahama. Mama anayeniuzia chai na maharage kila ninapokwenda kwa baba mdogo alinigeuzia simu yake.

"Mwalimu, huyu si mzee wenu? Kaletwa kwenye grupu letu la wauza maharage."

Juu ya picha mtu nisiyemjua alikuwa ameandika: Komando wa Mbuba.

Dereva wa lori tuliyekaa naye benchi moja alichungulia. "Huyu ananifaa! Ningekuwa na chuma kama hicho enzi zile za utekaji wa magari, ningesinzia barabara nzima."

"Usinzie huku unaendesha?" mama alimcheka. "Na hicho chuma kitakulipukia wewe kwanza. Bunduki wawe nazo askari, basi."

"Nguruwe pori wakiingia kwenye mahindi yako, mama, utamwita askari?"

Walicheka wote. Nami hoja zote mbili nimewahi kuzitetea, kwa siku tofauti, katika chumba cha walimu, nikiwa sina chochote cha kupoteza. Safari hii nililitazama lile jina la kata. Baba mdogo hana kibali cha gobore. Isitoshe, ni mtoto wa wakimbizi. Kitambulisho chake cha taifa alikipata baada ya kuhojiwa mara tatu.

Niliiacha safari ya Kahama, nikapanda gari la Ngara. Nilimkuta uani akigeuza kahawa juani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona huna mzigo? Kuna msiba?"

Nilimwonyesha picha, nikamweleza ilikofika. "Nimezeeka hivi?" alisema kwanza. Kisha akaliona gobore.

"Ifute."

"Kwangu nimeifuta, baba."

"Na kwa hao wengine?"

"Siwezi."

"Umesoma mpaka chuo kikuu, huwezi kufuta picha?"

Hakuwa akinitania. Alikaa kwenye kigoda, akapangusa mikono kwenye suruali. "Wataniuliza bunduki imetoka wapi. Halafu wataniuliza mimi nimetoka wapi."

Akapendekeza tulifukie migombani. Nakiri kwamba wazo hilo lilinivutia. Kwa dakika kadhaa nilikuwa natafuta kwa macho mahali penye udongo laini. Lakini gobore lililoko pichani na halipo nyumbani lingezaa maswali mabaya zaidi. Nilimwambia tulisalimishe wenyewe, tukiongozana na mwenyekiti wa kitongoji, na kwamba mimi ningesema mbele ya askari kuwa picha ni yangu.

"Na nguruwe wakiingia shambani?" aliuliza.

Aligeuza kahawa mpaka upande wa mwisho wa turubai, ndipo akasema, "Kesho, basi. Kabla hawajaja wao."

Asubuhi alilipaka mafuta, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima na hataki kulaumiwa. Tulilifunga ndani ya mkeka. Mwenyekiti alitangulia mbele kwa miguu, akiwasalimia watu kwa sauti kubwa kuliko kawaida yake, ili kila atakayetuona ajue hatuendi kwa ubaya.

Kituoni baba mdogo aliulaza mkeka mezani, mtutu ukielekea kwake mwenyewe. Nilieleza habari ya picha. Askari alinisikiliza, akaandika, kisha akauliza mwenye silaha ni nani.

Baba mdogo alivua kofia. Akataja jina lake, jina la baba yake, na mahali alipozaliwa, kabla hajaulizwa.